Kubadilishiwa dawa si dalili kwamba zimeshindwa

Dada, pole kwa hofu. Umesema virusi vyako vya UKIMWI (VVU) havionekani kwenye kipimo kwa miaka minne, halafu CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, wamekutoa kwenye dawa yenye efavirenzi wakakupa TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu, na sasa unadhani umepata usugu, yaani virusi havisikii tena dawa. Hapana. Anayebadilishiwa huku virusi vimefubaa hubadilishiwa ili apate dawa iliyo bora zaidi. Ndani ya TLD, tenofovir na lamivudini ni zilezile za kwenye kidonge chako cha zamani. Kilichoingia ni dolutegravir, ambayo virusi huisumbukia sana kabla ya kuizoea. Shangazi yangu alikuwa akiamka usiku na ndoto za kukimbizwa, zikaisha baada ya kuacha efavirenzi.

Ila mwambie mhudumu dawa zote unazotumia, tafadhali. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hushikana na dolutegravir tumboni isifyonzwe vizuri. Imeze saa 2 kabla ya hizo au saa 6 baada yake. Ukitumia metformini ya sukari, kwa kawaida isizidi miligramu 1000 kwa siku. Ukianzishiwa dawa za TB zenye rifampisini, utaongezewa kidonge cha dolutegravir ili uipate mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Na kama una homa ya ini B, usikubali kuondolewa tenofovir kienyeji, maana ndiyo inayoishikilia hiyo pia.

Usingizi ukikatika, meza asubuhi. Kopo la zamani lirudishe kliniki, usichanganye.