Barua kwa mwanangu: kuhusu kula kwa sauti ya kwanza

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nyumbani hawajambo. Kusi limeshaingia na mvua zake, nguo hazikauki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeuliza kama soprano, yaani mwenye sauti ya kwanza, aliyekulia kwenye kwaya ya parokia anaweza kuendesha maisha kwa kuimba kwenye kundi dogo la muziki wa klasiki, yale ya watu wanane au kumi, na mafunzo yake ni ya miaka mingapi. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaka lipite harakaharaka, ukasema mwalimu wa kundi lenu hapo Dodoma anakukatiza kila ukipanda na kukwambia "sikiliza kwanza". Naanza na hilo, maana hayo mengine yanajibika humohumo.

Kwenye kwaya ya watu arobaini, ukizidisha kidogo wenzako wanakufunika. Kwenye kundi dogo hakuna wa kukufunika. The Tallis Scholars, kundi la Uingereza lililoanzishwa na Peter Phillips mwaka 1973, kwa kawaida husimama watu kumi: soprano wanne, na sauti nyingine, yaani alto, teno na besi, wawiliwawili. Hao soprano nao mara nyingi wamegawanywa mistari miwili, kwa hiyo kila mstari una watu wawili. Wawili ndiyo idadi ngumu kuliko zote. Mmoja ana uhuru wake, na kuanzia watatu tofauti zinaanza kuzibana. Wawili wakitofautiana, hata aliyekaa benchi la nyuma anajua.

Wanatofautiana wapi? Kwanza kwenye vibrato. Sauti iliyokomaa hutikisika yenyewe, mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na hilo si kosa. Tatizo ni upana. Yako ikiwa pana na ya mwenzako nyembamba, alto hajui aipange nota yake chini ya ipi. Mwalimu akisema "nyoosha", wengi hukaza koo. Sauti inanyooka kweli, lakini baada ya dakika 20 koo limechoka na nota zinaporomoka. Unachopunguza ni uzito, pumzi iendelee kutoka vilevile. Imba kama unayemwimbia mtu aliye mita moja mbele yako. Vibrato itabaki, ila itakuwa nyembamba.

Pili, irabu, na nadhani hapa ndipo mwalimu wako anapokukatizia. Kila irabu ina mwangwi wake mkuu ndani ya kinywa. Wa "i" uko chini, karibu Hz 300, yaani mitetemo 300 kwa sekunde, usawa wa ile nota D inayoning'inia chini ya mstari wa kwanza wa ile mistari mitano ya nota. Wa "a" unafika Hz 700 hadi 900. Sasa nota F ya mstari wa tano, ule wa juu kabisa, ni karibu Hz 700. Ukiimba "i" pale, sauti yako imeshaupita mwangwi wa irabu hiyo zaidi ya mara mbili, na ukiing'ang'ania "i" ya kuongea, meno yamekaribiana, inatoka kali kama filimbi ya refa. Kwa hiyo taya lishuke, "i" iegemee "e", na kadiri unavyopanda zote ziegemee "a". Ndiyo maana huko juu maneno ya soprano hayashikiki hata kwa waimbaji wakubwa; maneno hubebwa na alto na teno. Lakini mkiwa wawili, fungueni kinywa kwenye nota ileile. Mwenzako akifungua kwenye E na wewe ukasubiri hadi G, mstari mmoja utasikika una rangi mbili. Kubalianeni, mwandike kwa penseli juu ya nota yenyewe. Kalamu ya wino achana nayo, maana kiongozi atabadili mawazo.

Kwenye irabu una mtaji ambao mwanafunzi wa Kiingereza huutafuta miaka: za Kiswahili ni tano, safi, hazitelezi kutoka moja kwenda nyingine. Deni letu liko kwenye konsonanti. Tunachomeka irabu pasipo na irabu: "Sanctus" inakuwa "sankitusi", "Requiem" inakuwa "rekwiemu". Sema maneno kwa mdundo wake kabla hujayaimba, ukishika "sank" kwa urefu wote wa nota, kisha "tus". "M" ya mwisho midomo ifungwe sauti ikiwa bado ipo, na isifunguke mpaka sauti iishe. Ikifunguka kabla, ile "u" imeshatoka. "S" ya mwisho ipangiwe pigo lake na kiongozi, maana "s" kumi zisizopatana ni dagaa wanaotiwa kwenye mafuta ya moto.

Tatu, kupatana kwa sauti. Wengi hawajui kwamba kinanda kinadanganya kidogo. Gawanya nusu toni vipande 100: mi ya kinanda iko juu kwa vipande 14 kuliko mi inayotulia juu ya do inayoimbwa. Sol imepishana vipande 2 tu, sikio halijali. Kwa hiyo kundi linalofanya mazoezi na kinanda mwanzo mwisho huzoea mi kali, na siku ya kuimba bila chombo chodi za mwisho, zile nota zinazolia pamoja, hazitulii, na hakuna anayejua kwa nini. Zoezi lake ni hili: shikilia do na sol peke yake kwenye kinanda, mi usiiguse. Iimbe wewe, anzia juu kidogo, uishushe polepole mpaka ule mvumo wa kugongana utulie. Fanya hivyo kwenye funguo tatu tofauti kila siku. Kama kinanda hakipo, zipo programu za simu zinazoshikilia nota moja bila kukoma.

Kundi zima likishuka, mara nyingi mkosaji ni mi-re-do iliyochukuliwa kwa hatua ndefu mno, au nota moja inayorudiwa mara sita na kila mara inapoteza kidogo. Soprano hulaumiwa wa kwanza, na si kwa uonevu.

Pumzi nyinyi wawili mpokezane. Usivute hewa kwenye mstari wa kugawa vipimo, wala pamoja na mwenzako. Toka katikati ya irabu, rudi taratibu kwa irabu ileile bila konsonanti. Penseli tena.

Sasa kazi. Nikuambie wazi: anayeitwa tena ni anayesoma, wala si mwenye nota ya juu kuliko wote. Ile C yenye mistari miwili ya ziada juu, ambayo soprano huimba katika Miserere, zaburi ya kwaya ya mtunzi wa kale Allegri, kama inavyoimbwa siku hizi, ni kazi ya mtu mmoja kwa nota chache. Waliobaki wanaishi kati ya C ya kati na A ya juu. Huko Uingereza makundi mengi hufanya mazoezi siku moja au mbili tu, wakati mwingine mchana uleule wa onyesho. Anayehitaji kupigiwa sauti yake kwenye kinanda amechelewa kabla hajaanza.

Solfa, ile do-re-mi uliyolelewa nayo, usiidharau. Do inayohama imekupa sikio la uhusiano wa nota. Ila kazi za nje ziko kwenye mistari mitano. Chukua utenzi wa sauti nne ulioandikwa kwa mistari, andika solfa chini ya kila nota kwa penseli. Wiki inayofuata andika nota ya kwanza ya kila kipimo tu. Ya tatu usiandike kitu. Kisha kila siku dakika 10 za ukurasa usioujua, metronomu, kile kifaa cha kupiga mapigo, kwenye 60 kwa dakika, usisimame. Umekosea? Iache nota, dakia kipimo kinachofuata. Anayerudi nyuma kusahihisha ndiye anayeangusha kundi.

Jifunze pia sauti ya pili ya soprano. Watu huiona kama adhabu, lakini mtu anayeshika mstari wa ndani bila kuvutwa juu huitwa na makundi mawili kabla mwenye nota za juu hajaitwa na moja.

Kuhusu miaka: shahada ya kwanza ya uimbaji kwenye vyuo vya muziki vya Uingereza na Ujerumani ni miaka minne, na wengi huongeza miwili ya uzamili. Somo la mwalimu ni la saa moja kwa wiki. Siku nyingine tano ni zako, dakika 40 zatosha. Anza kwa mrija wa soda ndani ya chupa ya maji, uzame sentimita 2 au 3, utelezeshe sauti kutoka chini hadi juu na kurudi, dakika 5. Mapovu yakikatika, ujue na pumzi imekatika. Halafu do-re-mi-fa-sol na kurudi, ukipanda kwa nusu toni. Halafu nota moja ikuzwe kwa hesabu nane na ipunguzwe kwa nane. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha ulipo, kwa sababu wengi hukuza vizuri na kupunguza kwa kubana koo.

Hapa nchini TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ni nzuri kwa jukwaa, ngoma na muziki wetu, ila usiende pale ukitafuta shule ya soprano wa klasiki. Chuo Kikuu cha Makumira, Arusha, kina shahada ya muziki. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi 8, na huwezi kufanya ya vitendo ya ngazi ya 6, 7 au 8 kabla hujafaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mbadala wake. Wengi hujikwaa hapo wakiwa wameshaandaa nyimbo. Afrika Kusini kuna Chuo Kikuu cha Cape Town, alikosoma Pretty Yende, soprano maarufu wa opera. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, lakini si vyote; jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, tangu 2017 huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mtihani wa kuingia ni wa kuimba ana kwa ana, Kijerumani kinatakiwa, na vyuo vingine vina kikomo cha umri. Hilo la umri liulize kabla ya jingine lolote.

Mshahara wa kila mwezi upo, lakini nafasi ni chache. VOCES8, kundi lililoanza 2003, lina watu wanane, na soprano ni wawili. Hesabu mwenyewe nafasi hufunguka mara ngapi. Zipo kwaya za redio zenye ajira kamili, kama ya Berlin iliyoanza 1925. BBC Singers wapo tangu 1924, na hata wao Machi 2023 walitangaziwa kufungwa. Watu wakapiga kelele na uamuzi ukasitishwa mwezi uleule. Wengi waliobaki ni wa kuitwa kwa onyesho: leo kundi hili, kesho lile, keshokutwa kumshikia nafasi aliyeugua. Na kwenye foleni hiyo soprano ni wengi, teno ndio wanaotafutwa.

Kwa hiyo shahada yako ya ualimu usiitupe. Emma Kirkby, soprano aliyewafundisha watu upya jinsi ya kuimba muziki wa zamani kwa sauti safi na nyepesi, alisoma lugha za kale Oxford na kufundisha shule kabla uimbaji haujawa kazi yake. Hapa kwetu pia soprano hupata chake kwenye misa za ndoa, kurekodi, na zaidi ya yote kufundisha kwaya za wengine.

Koo. Dodoma ni kukavu kuliko Tanga, kunywa maji mchana kutwa, si gilasi mbili kabla ya kupanda jukwaani. Hayo hayajafika kwenye nyuzi za sauti. Pipi za mentholi hukausha. Sauti ikikwama usinong'one, nyamaza. Ukiwa na mkwaruzo usiimbe kwa nguvu huku umemeza aspirini, kwani damu huvuja kirahisi zaidi kwenye nyuzi hizo. Ukikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo akaangalie kwa kioo. Vinundu vikiwahiwa mara nyingi hupona kwa mazoezi ya sauti bila kisu. Chakula cha usiku kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Na mkaa upikiwe nje.

Taarabu usiache. Ule ufundi wa kuikunja nota mara tatu kabla ya kuiachia ni wepesi uleule ambao Monteverdi, mtunzi wa kale wa Italia, anaudai. Tofauti ni kwamba kwenye kundi mikunjo imeandikwa na mnakunja wote.

Nataka nikusikie. Simu iwe mita 2 mbele yako, usawa wa kifua, chumba chenye pazia au godoro, bafuni hapana, maana mwangwi huficha kila nilichokuandikia. Mwite huyo mwenzako wa sauti ya kwanza, muimbe ubeti mmoja bila kinanda, mara moja tu bila kukata. Yeye aimbe juu, wewe imba soprano ya pili. Mkimaliza ndipo mpige nota ya mwisho kwenye kinanda, simu ikiwa bado inarekodi, nijue mmeshuka kiasi gani.

Mama yako