Anayetaka altimeta aanze na saa

Vijana wa Unguja na Pemba wanaosoma fizikia huniuliza waanzie wapi wakitaka kufanya kazi ya altimeta za rada, yaani vyombo vya setilaiti vinavyopima usawa wa bahari. Wengi hukimbilia antena. Mimi huwarudisha kwenye saa.

Altimeta hupima muda, urefu tunaukokotoa sisi. Setilaiti za Jason-3 na Sentinel-6 zilitengenezwa zipite kimo cha kilomita 1,336, na mpigo wa rada huenda baharini na kurudi kwa takriban milisekunde 9. Ukitaka kosa lisizidi sentimita 1, muda huo uujue hadi pikosekunde 67, na pikosekunde moja ni sehemu ya trilioni ya sekunde. Kwa hiyo kabla ya kurushwa, chombo hutiwa kwenye chumba cha ombwe, kikapikwa na kugandishwa huku kikipewa mwangwi wa bandia ambao ucheleweshaji wake unajulikana. Sawa, lakini na programu nayo ijaribiwe hivyo hivyo. Mwaka 1996 iligundulika kwamba masahihisho ya saa ya altimeta ya TOPEX, iliyorushwa 1992, yalikokotolewa vibaya, na bahari ikaonekana inapanda kwa kasi kuliko kweli. Chombo kilikuwa kizima huko juu. Kasoro ilikuwa kwenye hesabu za huku chini.

Sasa njoo kwetu. Bandari ya Zanzibar ina kipimamaji, yaani chombo kinachopima maji yakijaa na kutoka, chenye kumbukumbu tangu miaka ya 1980, na ndicho ninachomshauri kila anayeanza alinganishe nacho. Ila usichukue mwangwi wa katikati ya mlango kati ya Unguja na bara ukadhani umepata bahari. Unyevu wa hewa huuchelewesha mpigo, na katika joto letu kosa lake laweza kukaribia sentimita 40. Radiometa inayopima unyevu huo hutazama eneo la kilomita 20 hadi 30 kwa mkupuo, na mlango wenyewe haufiki kilomita 40 pale unapobana. Haitakosa kuona na ardhi. Ongeza miamba inayochomoza maji yakitoka, na maji yaliyotulia nyuma yake, umbo la mwangwi linaharibika. Anza mashariki ya Unguja, bahari kuu, halafu usogee pwani kidogo kidogo.

Kuna jambo jengine linalowababaisha wageni wa kazi hii. Setilaiti hizi hurudi juu ya mstari ule ule kila baada ya siku 10 hivi, na kila zikirudi huyakuta maji yamefika hatua tofauti kidogo, kwa hiyo maji yanayojaa na kutoka mara mbili kwa siku hujitokeza kwenye data kama wimbi la siku 62. Mwambie hivyo mvuvi wa Nungwi akucheke! Wakati wa bamvua maji yetu hupishana karibu mita 4, basi modeli inayokadiria kujaa na kutoka kwa maji ikikosea kidogo tu, milimita unazozitafuta zimekwisha kumezwa. Omba faili lenye mwangwi wenyewe na kila sahihisho peke yake, si urefu uliokwisha pikwa.

Sentinel-6 iliporushwa Novemba 2020 iliwekwa sekunde 30 nyuma ya Jason-3, zikapima bahari ile ile kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukabidhiana kazi. Nasi siku tutakapofunga kipimamaji kipya bandarini, kile kikongwe kisifunguliwe skrubu hata moja mpaka viwili hivyo vimepima pamoja kaskazi na kusi.