Maswali ya Wasomaji: Deki ya Blu-ray na Diski Zinazogoma

SWALI: Deki yangu ya Blu-ray ni ya mwaka 2011. Filamu za zamani inacheza zote, lakini mpya aliyoniletea shemeji inazunguka, inaandika inapakia, kisha kioo cheusi. Fundi anataka kubadilisha lenzi. Nikubali?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Usitoe hela ya lenzi bado. Lenzi iliyochoka haichagui mwaka wa diski. Ingekusumbua na hizo za zamani pia. Anza na nyuma ya kasha. Kuna herufi A, B au C, yaani kanda ya dunia ambayo diski ilitengenezewa; deki ya kanda moja kwa kawaida haichezi diski ya kanda nyingine. Afrika ni kanda B, Marekani ni A. Kama diski ni ya A peke yake, usihangaike na kusasisha, kwani kanda haibadiliki kwa njia hiyo.

Ikiwa ni B, ingia kwenye mipangilio ufute data za BD-Live, yaani nyongeza za filamu ambazo deki huvuta mtandaoni. Kumbukumbu hiyo ikijaa, diski zenye menyu nzito hukwama palepale yako inapokwama. Isiposaidia, ndipo usasishe programu ya ndani ya deki, ile mafundi wanayoiita fimwea. Ulinzi wa diski hubadilika mwaka hadi mwaka, na menyu zake nyingi ni programu ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java. Deki yenye fimwea ya zamani inaweza kushindwa kuzifungua.

Soma namba ya modeli nyuma ya deki pamoja na herufi zake za mwisho, kwa sababu mara nyingi herufi hizo ndizo zinazoonyesha soko. Pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, lifungue kutoka kwenye zip, uliweke kwenye fleshi tupu ya GB 8 au chini yake, iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa faili unaochaguliwa kwenye kompyuta wakati wa kufomati). Likae nje kabisa, si ndani ya folda, isipokuwa maelekezo yataje folda. Jina lisiguswe hata herufi moja. Ukilipakua mara mbili kompyuta huongeza (1) mwishoni mwa jina, na deki itakuambia hakuna faili. Wengi wamekesha kwa kosa hilo.

Toa diski, chomeka fleshi, chagua kusasisha kwa USB. Deki inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe; iache. Hatari kubwa ni umeme kukatika katikati: chipu hubaki imeandikwa nusu, deki haiwaki tena, na fundi atalazimika kuiprogramu upya kwa mashine. Tumia UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika; hata ndogo ya VA 650 inatosha, maana deki inakula umeme kidogo sana. Ikimaliza, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani.

SWALI: Baada ya kusasisha, niiache kwenye intaneti?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Chomoa. Juni 2020 deki nyingi za Samsung zilizounganishwa na mtandao zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma, zikahitaji kupelekwa kwa mafundi wa kampuni.

SWALI: Natoa video za harusi na sendofu kwenye BD-R, diski tupu za Blu-ray za kuchoma mara moja. Kwangu zinacheza, kwa wateja wengine deki inasema diski haijulikani. Wasasishe?
Mpiga video, Moshi

JIBU: Baadhi yao itawasaidia. Tazama boksi la diski tupu kama limeandikwa LTH. Hizo hutumia rangi ya kikaboni kama CD-R, na deki nyingi za kabla ya 2008 haziziwezi mpaka zisasishwe. Nyingine hazitaziweza kamwe. Nunua zisizo na alama hiyo, uchome kwa kasi ya 4x.

Lakini tunashuku zaidi kamera yako. Kama unarekodi 1080p (picha nzima yenye mistari 1080) kwa fremu 50 kwa sekunde, hiyo haimo kwenye kanuni za Blu-ray. Deki yako inaivumilia, ya mteja haina wajibu huo. Toa 1080i 50 (ambayo mistari ya picha hupokezana) au 720p 50, Mbps 25 (kikomo cha video ni 40), mfumo wa faili wa UDF 2.50, folda ya BDMV (yenye video na menyu) ikiwa juu kabisa, na ufunge diski mwisho wa kuchoma. Kosa likiwa kwenye faili, mteja asasishe mara kumi, diski haitacheza.

SWALI: Kuna fimwea ya kuifanya deki ya kawaida icheze diski za 4K?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Hakuna. Diski hizo ni za GB 50, 66 au 100 na video yake imebanwa kwa njia mpya iitwayo HEVC. Chipu ya deki yako haikuundwa kuifungua.