Ningekwambia Saa Ngapi, Shoga?

Jumapili moja ya mwezi wa pili, jua la kaskazi bado likichoma saa kumi za jioni, tulitandika mkeka wetu chini ya mbuyu pale Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa. Tulikuwa wanne, na tuko pamoja tangu darasa la tano. Mmoja ni mwalimu wa chekechea Kisauni. Mmoja ana cherehani yake Majengo, ashona madera na mabaibui. Mmoja yuko mapokezi katika hoteli moja upande wa Bamburi. Nami ni karani katika kampuni ya kuklia mizigo, yaani kuwatolea wateja mizigo yao bandarini. Mwalimu alikuja na chai ya tangawizi kwenye thamosi, nami nikanunua mihogo ya kukaanga, ile inayopasuliwa kati ikatiwa pilipili na ndimu. Chai haijamiminwa, mimi nilikuwa nishaanza.

Mteja wa bara alikuwa ameleta makaratasi ambayo uzani wake haukulingana na ule wa manifesti, ile orodha ya mizigo iliyopakiwa melini. Kontena likakwama, gharama ya storeji, ya kuliweka bandarini, ikawa inapanda kila kukicha, na bosi akanisimamia mbele ya afisi nzima kuniambia kosa ni langu. Barua pepe niliyomwandikia siku nne kabla kumtahadharisha ilikuwa bado imo kwenye simu yangu! Niliwasomea wenzangu barua hiyo. Nikaeleza manifesti ni nini, storeji yahesabiwa vipi, nani husema nini kwa simu. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo kwa sababu kuna jambo nilikuwa nimelisahau. Meli mbili ziliingia Kilindini mbele ya macho yetu, na hata sizikumbuki vizuri, nilikuwa nimezipa mgongo.

Ninachokikumbuka ni mikono ya shoga yangu wa Majengo. Alikuwa ameishika karatasi iliyofungiwa mihogo, aikunja. Akaikunja mara mbili, mara nne, hadi ikawa kijipande cha ukubwa wa stempu, kisha akaikunjua, akainyoosha kwenye paja na kuanza upya. Nilimwona, lakini sikumuuliza kitu. Adhana ya magharibi ikatukuta hapo, tukakunja mkeka, kila mtu akashika njia yake.

Jumatano mwalimu akanipigia simu. Mamake yule shoga yetu amelazwa, kisukari, na kidonda cha mguu kilichokuwa kimefichwa kwa miezi. Daktari alikuwa amewaeleza tangu Ijumaa. Jumapili ile alikuja Mama Ngina akiwa na neno moja tu la kutuuliza: nani kati yetu angeweza kukaa na wanawe wawili usiku ambao yeye atalala hospitali. Nilimpigia papo hapo, sauti yangu yatetemeka, nikamuuliza mbona hakuniambia.

Akasema, "Ningekwambia saa ngapi, shoga?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na aliniuliza kwa dhati. Nami sikuwa na jibu.

Ni miaka mitatu sasa, na naandika haya kwa yeyote anayefanya kazi mji huu na kuibeba hadi Jumapili kama mimi nilivyokuwa nikiibeba. Sisemi watu wasilalamike. Kazi zetu zinachosha, na mtu akinyamaza sana huumwa. Sisi wa kuklia mizigo tumepita mengi: treni za SGR, ile reli mpya ya kwenda Nairobi, zilipoanza kubeba makontena 2018, sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa riziki ya Mombasa ilipandishwa bara pamoja na mizigo yenyewe, na watu niliowajua walifunga afisi zao. Amri ya Rais ya Septemba 2022 ya kurudisha kazi hiyo hapa ilituletea ahueni, lakini hofu ile haijatutoka. Mwenye kazi anaishika kwa mikono miwili, na bosi anajua kwamba anaishika kwa mikono miwili. Lazima hayo yatoke mahali. Ninalolisema ni kwamba yapewe mahali pake na saa yake, la sivyo yatakula saa za watu wengine.

Mahali pangu mimi ni feri. Naishi Likoni, na kila jioni navuka pamoja na mwenzangu wa afisini, mwanamume wa makamo ambaye amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa. Huyu simwelezi manifesti ni nini. Nikimwambia "leo ule mfumo ulilala tena," amenielewa, na pengine ana lake kubwa kuliko langu. Tunaanza tukiwa kwenye foleni, tunaendelea tukiwa tumebanana na baiskeli na magunia, na tumewekeana sharti: lango la feri likishagusa ng'ambo, imekwisha. Neno lililobaki litangoja kesho. Mwanzo niliona ni mchezo wa kitoto. Baada ya mwezi nikagundua kwamba nikifika nyumbani naweza kumsikiliza mtoto wa dada yangu akinisimulia habari za mpira tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sikuwahi kuliweza.

Si lazima iwe feri. Mwalimu hutembea kwa miguu steji mbili kabla ya kupanda matatu. Lakini shika hili: malalamiko ya kazi mpe anayeijua kazi. Ukimpa asiyeijua, nusu ya saa itakwenda kwa maelezo, na mwishowe hana la kukusaidia ila kusema pole. Pole ya tatu kwa jioni moja humchosha anayeitoa na anayeipokea.

La pili, nunua daftari. Dogo, la mistari, likae kwenye mkoba na si kwenye droo ya afisini. Mimi huandika tarehe, saa niliyoingia, saa niliyotoka, na lililotokea kwa sentensi moja au mbili, bila matusi. Nilianza ili nipumue tu. Miezi mitano baadaye nililifungua nikahesabu: Jumamosi kumi na nne ambazo mkataba wangu unasema nusu siku, nami nilikuwa nimetoka baada ya saa kumi. Kumi na nne! Kwa mdomo nilikuwa nimezoea kusema "kila Jumamosi wananichelewesha," na hakuna aliyenijali, kwa sababu "kila Jumamosi" ni maneno ya mtu aliyekasirika. Nilipoingia kwa mama anayeshughulikia wafanyakazi na tarehe kumi na nne, alivaa miwani. Sikulipwa ovataimu yote, nilipewa siku tano za kupumzika na Jumamosi zangu zikarudi kuwa nusu siku. Nilizipokea na nikashukuru.

Hapa pia yafaa ujue haki yako, maana wengi wetu tunalalamikia yasiyo na dawa na kuacha yenye dawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inakupa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili, ukishatimiza miezi kumi na miwili. Shoga yangu wa hoteli alikaa miaka miwili akiamini kwamba likizo ni hisani ya meneja. Aliwahi hata kupeleka zawadi ya halua baada ya kupewa siku kumi.

Simu ndiyo ilinitesa zaidi. Bandari hailali, meli zinafunga gati usiku na mchana, na kwa hiyo bosi huona kwamba karani naye halali. Jumbe za WhatsApp zilikuwa zikiingia Jumapili saa mbili asubuhi, nami nazijibu nikikanda unga wa mahamri, vidole vimejaa unga. Siku moja nikamfuata bosi akiwa ametulia, baada ya chakula cha mchana, nikamwambia kwa adabu: "Jambo likiwa la dharura nipigie, nitapokea hata usiku. Ujumbe nitausoma Jumatatu asubuhi." Aliguna, akakubali. Tangu hapo amenipigia Jumapili mara chache sana, kwa sababu kupiga simu kunamfanya mtu ajiulize kwanza kama kweli kuna dharura. Sitamwambia kila mtu afanye hivyo. Shoga yangu wa hoteli akithubutu, wiki inayofuata atapangiwa zamu za usiku tupu. Mpime bosi wako, mpime na msimu. Mwezi wa kumi na mbili usimwambie mtu wa hoteli maneno kama hayo.

Sasa nije kwa Jumapili yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Baada ya yale ya mama mtu, tulibadilisha mambo. Mkeka ukishatandikwa, anayeanza kusema ni yule ambaye wiki iliyopita alisema kidogo zaidi. Hatukuliandika popote, lakini sote twalijua. Tunamuuliza kwao wazima? Watoto? Na tunangoja jibu la pili, maana la kwanza huwa "alhamdulillahi, wazima" hata nyumba ikiwaka moto. Aliyelelewa pwani anajua: salamu zetu ni ndefu, na ukweli hukaa mwishoni mwake. Mimi nilikuwa nikizikata salamu ili nifike kwenye kontena langu.

Pia tuliangalia habari ya pesa. Rafiki anayesema "wiki hii sina nafasi" mara mbili mfululizo, hasa mwezi ukiwa kwenye kona, mara nyingi nafasi anayo, nauli ndiyo hana. Ataona haya kusema. Shoga yetu wa Majengo alikosa kuja mara tatu mwaka ule, nasi tukadhani wateja wamemzidi. Siku hizi tukisikia hivyo hatumwambii "njoo tutakulipia," kwa sababu hilo nalo humvunja mtu moyo. Twamwambia "sisi tunakuja kwako, weka maji ya chai." Kila mmoja anabeba kitu: mwalimu viazi karai na ukwaju, mimi mahamri na mbaazi, mwengine embe mbichi za kutia chumvi na pilipili. Baraza ya Majengo haina upepo wa bahari kama Mama Ngina, lakini watu wote wapo.

Na mwisho wa wiki wa mtu si lazima uwe Jumapili. Wa hoteli hupumzika Jumanne. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikimbia kutoka zamu kuja kukaa nasi nusu saa huku akitazama saa. Sasa Jumanne moja kila mwezi sisi watatu tunatoka kazini na kwenda hadi ufuo wa Pirates, tunakaa mchangani, madafu mikononi, mpaka giza liingie. Tunachoka, Jumatano ni nzito, lakini yeye akituona tukishuka kwenye matatu huja mbio kama mtoto.

Kuna malalamiko ambayo sharti tulilowekeana halihusiki nayo kabisa. Mshahara uliozuiliwa. Mkubwa anayekushika bila ruhusa yako au kukutaka kimapenzi kama bei ya kazi. Hayo yasikilizwe siku yoyote, saa yoyote, na yasikilizwe hadi mwisho. Mmoja wetu yalimfika, na simtaji ni nani. Alianza kwa kusema "lakini nisiwaharibie Jumapili yenu," na mwalimu akaweka kikombe chini, akamwambia, "Jumapili ni yako." Tulikaa hadi usiku. Kesho yake wawili wetu tuliomba ruhusa kazini tukamsindikiza afisi ya leba, ile ya serikali inayosikiliza kesi za wafanyakazi, tukakaa naye kwenye benchi saa tatu nzima. Kwa hiyo rafiki akianza kulalamika, muulize: wataka nikusikilize tu, au tutafute la kufanya? Mara nyingi atasema nisikilize tu. Siku atakayosema la pili, uwe tayari kuinuka.

Mimi bado hukosea. Mwezi uliopita nilianza tena habari za mteja mmoja, na kabla sijafika mbali nikaona wa Majengo ameshika karatasi ya mihogo. Hakuwa akiikunja, alikuwa akipangusa mafuta tu. Nilinyamaza hata hivyo, nikamuuliza habari za kwao.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwake. Mguu wa mamake ulipona bila kukatwa, lakini hatembei mbali, hukaa barazani kwenye kiti cha plastiki na mkongojo wake. Tulizungumzia harusi ya mtoto wa jirani, mashono kumi na mawili ya kumalizwa kabla ya Ijumaa, na mtoto wa chekechea anayemwita mwalimu "mama" kila siku. Mama mtu alisikiliza kimya muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Na lile kontena lako, mwanangu, lilitoka?"

Nikamwambia lilitoka, mama, zamani. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani ya viazi.