Anzia kwenye tokeni ya stima

Wadogo zangu mnaoanza sheria ya nishati, kabla hamjakimbilia mikataba ya kimataifa, fungueni simu mtafute ujumbe wa mwisho wa tokeni. Umelipa shilingi 500, yuniti ni chache. Pesa nyingine zimekwenda wapi? Kuna gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, tozo ya umeme vijijini, VAT ya asilimia 16, na marekebisho ya thamani ya shilingi. Hayo ya mwisho ndiyo mlango wenu. Mikopo ya mitambo na mikataba mingi ya kununua umeme imeandikwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ikianguka, mama wa Kayole mwenye friji ya maziwa analipa.

Mimi sikuanzia hapo. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu nilichanganya megawati na megawati-saa. Mhakiki aliuliza nitaufasirije mkataba ikiwa sijui kinachouzwa. Iliniuma wiki nzima. Mwishowe nikamtafuta rafiki mhandisi, tukaketi kibandani Ngara, akanichorea kwenye karatasi iliyofungia mandazi: megawati ni kasi ya maji yanayotoka bombani, megawati-saa ni maji yaliyokwisha kuingia pipani. Karatasi ile yenye mafuta ninayo hadi leo.

Ndipo nikauelewa mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, ilikuwa imesimama mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa ilikamilika 2018. Chini ya mkataba, mwekezaji alistahili malipo kwa umeme ambao angeuzalisha. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Kazi yenu ni kuuliza nani aliubeba mzigo wa njia kuchelewa, na kwa nini alikubali kuubeba. Kisha 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huohuo hazikutolewa kihalali. Asiyesoma sheria ya ardhi ya jamii ataona nusu tu ya habari.

Kwa usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, someni uamuzi wa kesi ya kampuni ya WalAm dhidi ya Kenya kuhusu leseni ya jotoardhi ya Suswa. Mwaka 2020 jopo la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya aina hiyo, lilitupilia mbali madai ya kampuni. Msiishie kwenye muhtasari. Mwenendo wa pande zote mbili umo ndani ya barua walizoandikiana. Na Suswa ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Nairobi. Nendeni mkaione.

Uzamivu hauepukiki ukitaka kufundisha chuo kikuu. Jarida linaloahidi kukuchapisha kwa wiki moja ukilipa, achana nalo. Ukifanya kazi ya ushauri kwa kampuni, iseme wazi ndani ya makala.

EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na mafuta Kenya, ikiitisha vikao vya maoni ya umma kuhusu bei ya umeme, hudhurieni, keti nyuma, sikilizeni. Katika kimoja, mzee mwenye kinu cha posho Kawangware alisimama akauliza: mwekezaji analipwa njia ikichelewa, mimi stima ikipotea siku mbili mahindi yakiwa mashineni, nani ananilipa? Nililiandika swali lake lote daftarini. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilitokana nalo.