Ruzuku ya FEMA kwa boti na kamera za polisi bandarini
Ndugu, umeuliza kikosi chenu huko Marekani kipateje ruzuku ya usalama wa bandari ya FEMA, shirika la serikali kuu la kukabili majanga, kununua boti ya doria na kamera za gatini. Wengi hukwama kwenye mchango wao wenyewe: polisi hutoa 25% ya gharama yote ya mradi, si ya ruzuku. Boti ya dola 400,000 inawadai 100,000. Mkipiga hesabu kwa ruzuku ya 300,000 mtaweka 75,000, pungufu. Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili waombaji wa ruzuku, anzeni leo, huweza kula wiki kadhaa. Andiko la maombi lilingane na mpango wa usalama wa bandari yenu, maana Kapteni wa Bandari wa Walinzi wa Pwani hulipitia. Na tafadhali sana, msichimbe shimo la nguzo ya kamera kabla ya kibali cha mazingira. Gharama hiyo inaweza kukataliwa.