Urani ya kuvutwa kwa pampu: je, tindikali itafika visimani kwetu?

SWALI: Mwangaluka mtaalamu. Mimi ni fundi wa visima virefu, Uyui, Tabora. Mwezi uliopita jamaa wawili walinifuata wakitaka kununua kumbukumbu za visima nilivyochimba: kina, aina ya udongo, maji yalipotokea. Mmoja akadokeza kwamba siku hizi urani haichimbiwi shimo, inatiliwa tindikali hukohuko chini kisha inavutwa kwa pampu. Tindikali ikishaingia, nani anaizuia isije kwenye visima vya watu? Na huku kwetu inawezekana?

JIBU: Mwangaluka, fundi. Kuhusu njia yenyewe jamaa hakukudanganya. Zaidi ya nusu ya urani ya dunia sasa inatolewa hivyo, na Kazakhstan, inayoongoza kwa takribani asilimia 40 ya urani yote, imejengwa juu ya njia hiyo. Kuhusu Uyui ni hadithi nyingine, nitaifikia.

Sisi wa Kigoma tuna mfano mlangoni. Pale Uvinza chumvi haikufuatwa kwa sururu. Maji ya ardhini yameiyeyusha chini, yakapanda kwenye chemchemi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Urani nayo hupandishwa na maji, ila haiyeyuki mpaka uilazimishe.

Zamani sana maji ya mvua yenye oksijeni yalipenya kwenye matabaka ya mchanga yakibeba urani kidogokidogo. Yalipokutana na mabaki ya mimea iliyooza, au madini ya chuma na salfa, oksijeni ikaisha na urani ikaganda palepale mpakani. Ukilikata tabaka kwa ubavu unaiona imejikunja kama mwezi mwandamo. Mchimbaji anafanya kinyume: anarudisha oksijeni iliyokosekana. Anachukua maji yaleyale ya tabaka hilo, anayatia tindikali ya salfa, au, mwamba ukiwa na chokaa nyingi ya kuimaliza tindikali bure, anatia oksijeni na magadi, ndugu wa haya tunayopikia maharage. Kazakhstan wanatumia tindikali. Wyoming na Texas kule Marekani wengi wanatumia magadi. Maji yaliyobeba urani yanavutwa juu, yanapita kwenye matangi ya resini, punje ndogo kama ulezi zinazoinasa urani, kisha yanatiwa dawa upya na kurudishwa chini. Mwisho wake ni unga wa njano kwenye mapipa.

Sasa, nani anaizuia? Mfinyanzi na pampu. Tabaka la mchanga lazima libanwe na mfinyanzi juu na chini. Kwa pembeni hakuna ukuta wowote, kwa hiyo kazi ni ya pampu. Mpangilio wa kawaida ni visima vinne vya kuingizia na kimoja cha kuvutia katikati, na siku zote kinachovutwa huzidi kidogo kinachoingizwa, kama asilimia 1 hadi 3. Wewe unajua: ukivuta kisima kwa nguvu, maji ya jirani yanakufuata. Ndivyo hivyo, maji ya nje yanaingia uwanjani badala ya ya ndani kutoka. Pampu zikisimama muda mrefu, mvuto huo unapotea. Kuzunguka uwanja kuna pete ya visima vya uchunguzi, na humo wanapima kloridi na jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa sababu dalili hizo hufika kabla ya urani yenyewe.

Mimi lakini ninachokiogopa zaidi ni kazi ya fundi. Niliwahi kuitwa Kasulu kwenye kisima cha shule kilichokuwa kikitoa maji mekundu kila mvua ikinyesha. Mwalimu aliniwekea chupa tatu dirishani, ya Jumatatu, ya Jumanne na ya Jumatano, kila moja nyekundu kuliko iliyotangulia. Tulipofukua pembeni mwa bomba tukakuta saruji imeishia mita moja na nusu. Chini yake ni uwazi mtupu kati ya bomba na udongo, na maji ya juu yalikuwa yakiteremka humo kama kwenye mfereji. Fikiria uzembe huo kwenye uwanja wenye mamia ya visima, huku chini kukiwa na tindikali inayosukumwa kwa shinikizo. Ndiyo maana kila kisima cha kazi hii hufungwa na kupimwa kwa shinikizo kabla ya kutumika, na hupimwa tena baadaye.

Jambo la pili ni usafishaji. Stráž pod Ralskem, Jamhuri ya Cheki, waliingiza karibu tani milioni 4 za tindikali ya salfa chini ya ardhi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 1996. Juu ya tabaka hilo kuna jingine lenye maji ya kunywa. Pembeni kulikuwa na mgodi wa kawaida uliokuwa ukikaushwa maji, yaani ukivuta upande wake, ikabidi kuweka kizuizi cha maji kati yao. Kazi ya kusafisha bado inaendelea, na imepangwa kwa miongo. Hata penye usimamizi mzuri, kuyarudisha maji kama yalivyokuwa mwanzo ni kazi ngumu. Kwa kawaida huishia kwenye kiwango kinachokubalika kisheria. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: maji ya tabaka hilo yalikuwa yakinywewa? Namibia, kwenye bonde la Stampriet, watu na mifugo wanayategemea, na mwaka 2021 wizara ya huko ilifuta vibali vya kuchoronga vya kampuni iliyokuwa ikitafuta urani ya kutolewa kwa njia hii.

Haya, Uyui. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya graniti ya kale na jamaa zake. Maji unayoyapata yako kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa, na ufa hauna mfinyanzi wa kuubana wala hauelekei unakotaka wewe. Hakuna anayetia tindikali humo kwa akili timamu. Mawe ya mchanga ya kwetu Kigoma nayo yamekomaa mno. Maji yake mengi hupita kwenye mipasuko. Urani ya Manyoni na Bahi iko karibu na uso wa ardhi, kwenye mabwawa ya zamani yenye chokaa na mfinyanzi, hiyo ni ya kufukua. Ile ya Mto Mkuju, Namtumbo, ndiyo iko kwenye mawe ya mchanga. Kwa upande wenu, mimi ningepima floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi kwenye maji, kabla ya kuwaza urani.

Kumbukumbu zako usiziuze kienyeji. Nakala zipeleke Bodi ya Maji ya bonde lako, na anayezitaka azifuate huko akiwa na leseni yake mkononi. Ila siku ukitoboa mfinyanzi, ukakuta mchanga mlegevu wenye weusi wa mimea iliyooza, kisha mfinyanzi tena chini yake, weka sampuli kwenye mifuko, andika kina cha kila mfuko, uniandikie.